Mjukuu Kwenye Mizani ya Gramu

Mtaani walimwita Gramu. Jina hilo hakulipenda, lakini pia hakuwahi kulikataa, maana kulikataa kungemlazimu asimame mbele za watu aseme, na kusema mbele za watu ilikuwa kazi asiyoiweza. Alikuwa fundi mizani. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho kilikuwa karakana: meza ndefu yenye kovu la msumeno, mizani za sahani zilizokosa sahani, mizani za saa zilizokosa mshale, kopo la springi, tupa tatu, na kwenye rafu ya juu, ndani ya kitambaa cha kijani, jiwe lake la kilo.

Jiwe hilo la shaba aliachiwa na mzee aliyemfundisha kazi. Mawe mengine yote ya karakana yalihakikiwa kwa hilo, na kila mizani iliyotoka mlangoni pake ilikuwa imerekebishwa mpaka ikubaliane nalo. Jiwe likisema umepungua, basi umepungua, huna pa kukata rufaa.

Watu hudhani fundi mizani ni mtu wa hesabu. Wapi! Fundi mizani ni mtu wa shaka. Kwa miaka ishirini na saba Gramu alikuwa amefungua matumbo ya mizani za watu na kukuta mambo: sumaku iliyobandikwa chini ya sahani, springi iliyokatwa pete mbili, nta iliyomiminwa mahali isipoonekana. Kila aliyemletea mizani alikuja na uso wa malaika, na karibu kila mizani ilikuwa na siri. Mwishowe akajitungia msemo wake, akawa anausema hasa akiwa peke yake: "Uzito haupotei. Huibiwa."

Siku moja kabla binti yake hajajifungua, muuza nyama wa kona, ambaye watu walimwita Mfupa, alikuja kulalamika.

"Gramu, tangu uitengeneze mizani yangu mambo hayaendi. Naleta kilo mia kutoka machinjioni, nikimaliza kuuza, nimeuza kilo tisini na tano. Hizo tano anakula nani?"

"Anakula yule aliyekuwa akipunjwa zamani," Gramu akasema, macho kwenye tupa yake.

Mfupa akacheka kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole. "Yaani mtu mpole hivi, unanitukana kwa sauti ya chini!"

Alipoondoka, Gramu aliona raha kidogo. Mwizi akipimiwa haki lazima alie.

Binti akajifungua Jumatatu asubuhi, katika zahanati ya mtaa wa juu. Mumewe alikuwa dereva wa lori, yuko safarini, kwa hiyo ilikubaliwa kwamba mama na mtoto watakaa kwanza kwa wazazi. Mke wa Gramu ndiye aliyekuwa naye chumba cha kujifungulia. Mchana alirudi nyumbani kuchukua shuka, jasho linamtoka, uso umejaa habari.

"Msichana! Kilo tatu na gramu mia mbili. Hata saa haijaisha wamemlaza kifuani kwa mama yake, naye akatafuta mwenyewe, akanyonya."

"Yametoka?" Gramu akauliza. Hakusema nini.

"Yametoka ya njano, mazito."

"Ya njano?"

"Ndiyo yanavyokuwa ya kwanza. Machache tu, kama vijiko viwili vya chai."

Gramu akaweka bisibisi chini. "Binadamu mzima ashibe vijiko viwili?"

"Baba watoto, tumbo lake leo ni kama gololi. Na nesi anasema hayo ya njano ni kama chanjo ya kwanza, yanamkinga na maradhi."

Mkewe alipoondoka na shuka, Gramu alichukua gololi moja kutoka kwenye kopo la beringi, akaizungusha kiganjani. Tumbo la mtu, gololi. Aliirudisha kwenye kopo bila kuamini.

Tena zahanati ile alikuwa na neno nayo. Mwaka uliopita waliletewa mizani mpya ya watoto, na hakuna aliyemwita kuikagua. Mizani ambayo hujaifungua mwenyewe utaiaminije? Kwa hiyo alitayarisha yake. Alichagua mizani ya saa, ile ya kuning'iniza, akaisugua mpaka ukaona meno yako ndani yake, akairekebisha kwa jiwe la kilo, akaifungia beseni jipya na kutandika kitambaa. Alitaka mjukuu wake akute nyumba yenye kipimo cha haki.

Walirudi Alhamisi. Kabla hata chai haijamiminwa, mtoto aliwekwa kwenye beseni. Mshale ukacheza, ukatulia. Kilo mbili na gramu mia nane sitini.

Gramu aligonga kioo kwa kucha. Mshale haukusogea.

"Jumatatu kilo tatu na mia mbili," akasema. "Leo ni Alhamisi. Gramu mia tatu na arobaini zimekwenda wapi?"

"Baba, watoto wote hupungua siku za mwanzo," binti yake akamjibu, akimtoa mtoto kwenye beseni. "Nesi kaniambia. Wengi wakifika wiki mbili wanakuwa wameurudia uzito wao."

"Nesi."

"Ndiyo, baba. Nesi."

Gramu alichukua chaki, akaandika nyuma ya mlango wa karakana: Alhamisi, 2.86.

Angekuwa mtu mwingine angeuliza waziwazi: maziwa yanatoka? Yanatosha? Lakini baba amuulize binti yake mambo ya kifua? Gramu alikuwa mtu wa haya mpaka dukani alinunua sabuni ya wanawake kwa kuinyooshea kidole. Jambo hilo alilipa jina la "ile kazi." Na kwa kuwa hakuweza kuuliza, akaanza kupeleleza.

Alipeleleza kwa masikio. Mtoto akilia, tupa inasimama. Akinyamaza, Gramu anajiuliza amenyamazishwa na nini: kwa kushiba, au kwa kuchoka? Siku ya tano alimsikia binti yake akiguna wakati wa kunyonyesha, mguno wa mtu anayenyanyua kitu kizito. Alimwita mkewe karakana, akafunga mlango.

"Binti yako anaumwa, mnanificha."

"Nani kakwambia?"

"Anaguna. Akiwa kwenye ile kazi, anaguna."

Mkewe akashika kiuno. "Hivi wewe unasikiliza mlangoni? Mtoto akinyonya, kizazi cha mama kinajikaza, kinarudi mahali pake. Kinauma kidogo, ndiyo, lakini ndicho kinachopunguza damu. Mimi mwenyewe niliguna hivyo hivyo, ila siku zile ulikuwa na haya hata ya kusikia."

"Maumivu yenye faida," Gramu akasema, kama mtu aliyetajiwa bei na dalali.

Jumamosi akaja dada yake mkubwa. Huyo aliuza mitumba na ushauri, mitumba kwa pesa na ushauri bure, na watu wengi walirudi na vyote viwili wasivyovihitaji. Aliingia na kopo la maziwa ya unga na chupa ya mtoto ndani ya mfuko. Akamfunua mjukuu, akamtazama.

"Mbona mtoto kama wa kuazima? Kaka, mtoto huyu hajashiba."

"Ameshiba, shangazi, ndiyo maana amelala," binti akasema. "Na kopo asante, lakini silitumii. Miezi sita ni maziwa yangu tu. Hata maji simpi."

"Hata maji! Mfungwa anapewa maji, sembuse mtoto."

"Maziwa yenyewe yana maji ndani yake, shangazi."

"Umeyapima?"

Wote wakamgeukia Gramu. Gramu akatazama viatu vyake.

Shangazi alipokuwa akitoka alipitia karakana, akasukuma mfuko chini ya meza kwa mguu. "Wewe ndiye mwenye mizani, kaka. Ukiona mambo siyo, usingoje kupewa ruhusa na mtoto uliyemzaa."

Jumatatu ya pili, mtoto ametimiza wiki. Gramu alimwomba mkewe amlete mtoto kwenye beseni kabla ya kunyonya, kisha baada. Kabla, 2.94. Baada, 2.98. Gramu arobaini! Alivuta mfuko chini ya meza, akasoma maandishi ya kopo. Kopo lilisema mtoto wa umri huo anywe gramu tisini kwa mara moja.

"Hata nusu haifiki," akasema.

"Umepima mara moja," mkewe akajibu. "Ananyonya mara kumi, mara kumi na mbili kwa siku. Kopo linajua hilo?" Akamvuta mkono mpaka uani, akamwonyesha kamba. "Hesabu nepi."

Zilikuwa saba, na ya nane mkononi mwake.

"Nepi si kipimo."

"Kinachotoka kiliingia, fundi."

Lakini shaka ya Gramu haikuhitaji jibu. Kwa dakika nzima alisimama pale akifikiri kwamba nepi mtu anaweza kuilowesha bombani. Halafu akajionea aibu, akarudi ndani. Hata hivyo wazo halikuondoka lote. Aliwaona mke na binti wakicheka jikoni, akajiuliza wanacheka nini. Alimwona binti yake akila vizuri, mashavu yamerudi, anatembea wima, akawaza: mama ananenepa, mtoto je? Nyuma ya mlango orodha ya chaki iliendelea kushuka kuelekea bawaba: Jumanne 2.96, Alhamisi 3.02, Jumamosi 3.08. Namba zilikuwa zinapanda, ndiyo, lakini zilipanda kama mzee anayepanda ngazi, na wiki mbili zilikuwa zinakaribia.

Jumatatu, siku ya kumi na nne, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mshale ulisimama kwenye 3.14.

Moyoni Gramu alikuwa ameshahukumu. Nesi mwenyewe alisema wiki mbili. Wiki mbili zimeisha, na uzito wa kuzaliwa haujarudi. Gramu sitini bado ziko nje, na uzito haupotei.

Saa mbili mkewe alikwenda sokoni. Binti akaenda kuoga, akamwacha mtoto amelala kwenye kiti kikubwa cha karakana, kati ya mito miwili, "mwangalie baba, dakika tano tu." Gramu alifunga mlango. Alichemsha maji, akayapoza. Akashusha mizani ndogo, ile ya kupimia dhahabu, akapima unga wa kopo punje kwa punje, mikono yake mikubwa ikienda taratibu kama ya sonara. Ikiwa atafanya jambo hili, atalifanya kwa kipimo. Alitikisa chupa, akamwinua mtoto. Mtoto alifungua jicho moja, akageuza shavu na kuanza kutafuta kwa mdomo kwenye shati la babu yake, akifungua na kufumba kama samaki.

"Baba."

Hakugeuka. Alijua tu, kutokana na sauti, kwamba nywele za binti yake bado zilikuwa zinadondosha maji.

"Hiyo ni nini?"

"Ni… nyongeza."

"Nyongeza ya nini? Umenipima ukanikuta na upungufu?"

"Mizani mwanangu, mizani inasema…"

"Mizani! Mimi umenilea kwa mikono hiyo hiyo. Kama unadhani namwibia mtoto wangu, nitazame uniambie. Usinizunguke kama ninauza nyama."

Alimchukua mtoto, si kwa nguvu. Chupa ikabaki mkononi mwa Gramu, ya vuguvugu, hana pa kuiweka.

"Nikueleze jambo la fundi," binti akasema, sasa sauti imeshuka. "Maziwa yanajitengeneza kwa kunyonywa. Mtoto akinyonya sana, yanakuja mengi. Ukimjaza chupa, ataacha kunyonya, na yangu yatapungua. Hapo mizani yako itakuwa imesema kweli, kwa sababu wewe ndiye uliyeifanya iseme."

Gramu akaihamishia chupa mkono wa pili.

"Unadhani mimi siogopi? Kila asubuhi naisoma chaki yako nyuma ya mlango. Kila asubuhi! Nikimwangalia mtoto, naona mtoto mzima. Nikiangalia mlango, naona mimi ni mama nisiyefaa." Alijifuta uso kwa bega. "Leo saa nne ni kliniki. Beba mizani yako, beba na jiwe lako. Mizani zote mbili zikisema amepungua, kopo hilo nitalitumia mwenyewe mbele yako."

Walikwenda kwa miguu, binti mbele na mtoto, Gramu nyuma na mizani ndani ya beseni, jiwe mfukoni likimpiga paja.

Zahanati ilikuwa na benchi refu, na benchi lote lilikuwa la wanawake. Walimsogezea nafasi pembeni kabisa, akakaa na beseni lake magotini. Hakujua aangalie wapi. Kushoto mama ananyonyesha. Kulia mama ananyonyesha. Akainua macho ukutani, ukutani kuna picha kubwa ya mama ananyonyesha. Akarudi kwenye viatu vyake.

Nesi alikuwa mwanamke mnene mwenye kalamu nyuma ya sikio, na alisema na akina mama huku akijaza kadi zao.

"Anayenyonya maziwa ya mama peke yake kuhara kunampata kwa nadra, na vichomi, na masikio. Nasema kwa nadra, sisemi hatapata kamwe. Na ninyi wenyewe je? Mama anayenyonyesha hatari yake ya saratani ya matiti inapungua, na ya mfuko wa mayai, na kisukari cha ukubwani. Haiishi, jamani, msije mkanishitaki. Inapungua. Na kadiri unavyonyonyesha kwa muda mrefu, ndivyo inavyozidi kupungua."

Gramu alisikiliza bila kuinua kichwa. Katika maisha yake wauzaji wote walimwambia "kabisa" na "daima." Huyu alisema "inapungua." Alimtilia shaka kidogo tu, pungufu ya alivyokusudia.

Zamu ikafika. Mtoto akavuliwa, akawekwa kwenye mizani ya zahanati, akapiga mateke.

"Tatu nukta tatu!" nesi akasema. "Amerudisha yote ya kuzaliwa na kuongeza mia. Hongera, mama. Endelea hivyo hivyo."

Binti alimwangalia baba yake. Gramu akasimama.

"Samahani, nesi."

"Eeh babu, na beseni tena? Unahama?"

Benchi likacheka.

"Mizani yenu… inazidisha. Asubuhi alikuwa tatu na mia moja arobaini. Kwa mizani yangu."

Nesi alitoa kalamu sikioni, akamtazama juu mpaka chini, kisha akaonyesha nondo ya dirisha. "Ning'iniza."

Akaning'iniza. Mtoto akawekwa kwenye beseni. Mshale ukacheza, ukatulia: 3.14. Nesi mwenyewe aliinama akasoma.

"Mizani yangu nimeirekebisha kwa hili," Gramu akasema, na akatoa jiwe la kilo mfukoni, akalifungua kitambaa chake, akaliweka kwenye mizani ya zahanati. "Hii ni kilo moja. Tazameni."

Namba zikasimama: kilo moja na gramu hamsini.

"Mmeona? Inazidisha."

Alikuwa ameshinda. Alingoja furaha ile ndogo aliyoizoea, ile ya siku ya Mfupa, haikuja. Binti yake alikuwa anamfunika mtoto polepole, kona moja ya shuka, kisha nyingine, kama mtu anayefunga mzigo wa safari asiyoitaka. Hakulia. Ingekuwa afadhali angelia.

Nesi akajikuna kwa kalamu. "Au jiwe lako limenenepa, babu."

Wakacheka tena. Gramu alitaka kukasirika, lakini fundi ndani yake alikuwa ameshainua kichwa. Katika miaka ishirini na saba alikuwa amelishuku kila jiwe la kila mtu. Hili hakuwahi hata kulipindua.

"Tutajuaje nani mkweli?" nesi akauliza.

Jibu alilijua, na hakuna mtu mwingine pale aliyelijua. Angeweza kunyamaza.

"Kwa maji," akasema. "Lita moja ya maji ni kilo moja. Maji hayana mjomba."

Nesi alileta jagi lenye mistari, lile la kuchanganyia dawa ya wanaoharisha. Gramu alilipima tupu, kisha akalijaza bombani, akachuchumaa mpaka macho yake yakawa sawa na mstari wa lita, akapunguza tone, akaongeza tone. Benchi zima lilisimama kutazama. Kwenye mizani ya zahanati, ukitoa uzito wa jagi, maji yalikuwa kilo moja kamili. Kwenye mizani yake yalikuwa gramu mia tisa na hamsini.

Alirudia. Alirudia mara ya tatu, kwa sababu mizani huulizwa mara tatu. Maji hayakubadilisha maneno.

Ndipo akalipindua jiwe. Chini yake palikuwa na tundu la kusawazishia, lililozibwa kwa madini ya risasi tangu enzi za mwalimu wake, risasi nyeusi ya zamani. Sasa tundu lilikuwa limepanuliwa, na risasi mpya ndani yake inang'aa.

Akamkumbuka mnunuzi wa mahindi. Miezi mitatu nyuma, mtu mwenye adabu, alimwita "mwalimu." "Wakulima wanaliamini jiwe lako, mwalimu. Niazime siku mbili tu, wasije wakasema nawapunja." Gramu hakuwa na desturi ya kuazima, lakini hakuna mtu aliyewahi kumwita mwalimu. Jiwe lilirudi ndani ya kitambaa kile kile cha kijani, akaliweka rafuni bila kulipima. Nani humpima mzazi wake? Na wakati huo tayari lilikuwa na gramu hamsini za mtu mwingine tumboni, na kila kilo ya mahindi waliyoleta wakulima ililiwa gramu hamsini. Na kila mizani iliyorekebishwa kwalo tangu siku hiyo ilikuwa inasema kidogo kuliko ukweli: ya Mfupa, na hii iliyoning'inia dirishani. Uzito safari hii haukuibiwa. Ulikuwa umepandikizwa.

"Baba," binti yake akasema. "Kwa hiyo?"

Gramu alitazama viatu vyake. Halafu akatazama beseni. "Kwa hiyo ile kazi… inatosha."

"Kazi gani, babu?" mama mmoja akauliza kutoka kwenye benchi. "Tuambie na sisi!"

"Mwacheni mzee, ana haya," akasema mwingine.

"Haya gani, na alikuja kutupima wote!"

Uso wa Gramu ulikuwa umewaka moto. Angeweza kuchukua beseni lake akaondoka, na binti yake angemwelewa, kama alivyomwelewa siku zote. Lakini mlango wa karakana ulikuwa na orodha ya chaki iliyosomwa kila asubuhi.

"Maziwa," akasema, na sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, mpaka mtoto mmoja akaacha kunyonya akageuka. "Maziwa yako yanatosha, mwanangu. Yalitosha tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyepunguka."

Nesi aliandika 3.3 kwenye kadi, akaigonga kwa kalamu, akampa binti. Binti aliipokea, akaweka mkono mmoja kwenye mkono wa baba yake, ule ulioshika jiwe.

"Chupa je?" akamuuliza walipofika nje.

"Nitaitilia mafuta ya mashine."

"Na shangazi?"

"Huyo mtajibizana wenyewe. Mimi leo nimeshasema sana."

Binti akacheka, mtoto akashtuka, akaanza kulia, wakasimama kwenye kivuli cha ukuta mpaka akapata ziwa akatulia. Gramu alisimama upande wa barabara akiwazibia jua kwa beseni. Aligeuza uso, kama kawaida yake, lakini masikio hakuyageuza. Alisikia mtoto akimeza. Mara moja, mara mbili, mara tatu.

Kabla ya kufika nyumbani alimwambia binti atangulie, akakata kona kwa Mfupa. Mfupa alikuwa anapangusa meza.

"Shusha mizani yako," Gramu akasema. "Inasema kidogo. Nitaitengeneza bure."

Mfupa alisimama na kitambaa mkononi. "Nilikuambia wiki mbili nyuma, hukutaka kusikia. Leo nani amekuambia?"

"Mjukuu wangu."

"Mjukuu! Ana umri gani?"

"Wiki mbili."

Mfupa akamwangalia kuona kama anataniwa. "Ana kilo ngapi huyo fundi?"

"Tatu na mia tatu," akasema Gramu, kwa sauti iliyofika mpaka ng'ambo ya barabara, na akaanza kufungua skrubu.